Njia Mbili, Bomba Moja

Miaka kumi na saba alitambaa juu ya dari za kampuni ile akivuta waya za kompyuta, mpaka watu wakasahau jina lake wakamwita Buibui. Kibarua miaka yote. Sasa ilitokea nafasi moja ya kudumu, na sharti lake moja: usimame mbele ya bosi uueleze mtandao mzima kwa kufuata mchoro.

Buibui shule aliiacha darasa la sita. Mchoro ulikuwa wa injinia, kaka wa mkewe. Akamfuata.

"Shemeji, nifundishe. Waya nazijua kwa mikono. Karatasi ndiyo inanipiga chenga."

"Kwa mikono hata nyani anajua," shemeji akacheka. Lakini akakubali.

Wiki mbili, kila mchana, wakainamia mchoro. Kisanduku hiki swichi kubwa, inagawia mtandao swichi ndogo za kila ghorofa. Hiki ni chumba cha mashine zinazotunza kumbukumbu zote. Buibui akashika. Kumbe alichokuwa akikivuta gizani kama mchwa kilikuwa na mpango!

Siku ya mwisho akaweka kidole kwenye mistari miwili iliyotoka jengo kuu hadi ghalani, mmoja kulia mwa uwanja, mwingine kushoto.

"Waya mbili za nini?"

"Moja ikikatika, nyingine inabeba kazi. Ndiyo maana zimepita mbalimbali."

"Hazikupita mbalimbali, shemeji. Ulisema mtaro wa pili tuache, siku zimekwisha. Nikazipitisha zote bomba moja, chini ya geti. Ulikuwepo."

Shemeji akakunja mchoro. "Soma kilichochorwa. Bosi hakuulizi habari za udongo. Kazi unaitaka, huitaki?"

Aliitaka. Mbele ya bosi akaeleza yote bila kukwama, na alipofika kwenye mistari ile akasema, "Njia ni mbili, mbalimbali." Akapewa kazi. Nyumbani mkewe alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia.

Mwezi haukuisha. Mafundi wa geti walichimba shimo la nguzo, sururu ikapasua bomba. Ghala zima likazimika siku mbili, malori yakapanga foleni nje.

Bosi akawaita wote wawili.

"Nani alivuta waya hizi?"

"Yeye," akasema shemeji, bila kumtazama.

"Na wewe Buibui, ulisimama hapa ukaniambia njia ni mbili. Ulisema, hukusema?"

Buibui alimtazama shemeji. Shemeji alikuwa akitazama viatu vyake, vizuri kweli, vya ngozi.

"Nilisema."

Alifukuzwa siku hiyohiyo. Mkewe akamwambia asimchafulie kaka yake, mtu aliyejitolea kumfundisha bure.

Wiki iliyofuata wakamwita tena, kwa kibarua. Kulikuwa na mtaro wa kuchimba, kushoto mwa uwanja. Shemeji akamkabidhi mchoro, uleule.

"Fuata mstari," akasema.

Buibui hakuufungua. Alikuwa ameshaukariri.