Shikamoo ya Nukta na Vistari

Mwalimu Herman ndiye aliyenifundisha kugonga Morse, na siku ile ya mashindano ya redio alikuwa ananizidi pointi mbili. Mchezo ni rahisi: unamwita mtu wa mbali kwa nukta na vistari, mnapeana namba, unapata pointi, unarukia mwingine. Salamu hakuna. Yeye alikuwa kwake Mikumi, mimi Kilosa, zimebaki dakika kumi na tano, na mimi sipendi kushindwa hata kwa karata.

Nikaingia kwenye masafa yake nikagonga: SHIKAMOO.

Nilijua mzee huyu hawezi kuiacha shikamoo ikining'inia hewani. Kweli, akawaacha Wajapani aliokuwa akiwaita akajibu: MARAHABA YUSTA. Nikacheka peke yangu, mkono tayari kurudi kazini.

Akaendelea: MAMA HAJAMBO? Hajambo. BABA? Hajambo. Akaja kwa shangazi wa Mvumi, mahindi ya shangazi, goti la bibi, mbuzi mwenye mimba. Mkubwa akikujulia hali humkatizi, hata redioni. Nikawa nagonga majibu huku jasho linanitoka.

Saa kumi kamili mashindano yakafungwa. Bado ananizidi mbili.

Akagonga mara ya mwisho: NISALIMIE NA HUYO MBUZI.