Kura ya Wilkista

Jumapili hiyo Wilkista aliletwa kanisani Ndalu kwa bodaboda, mguu wake wenye plasta umenyooshwa kando kama mwiko. Tangu avunjike hakuwa amegusa jembe, na nyumbani unga ulikuwa umeisha. Wakati wa matangazo akaomba nafasi, akasema bila kuzunguka, "Watu wa Mungu, sitaki makubwa. Naomba tu kura."

Sasa jamani, hakuna mtu wa Ndalu asiyejua kwamba kura ya Wilkista ni kula. Wote huongea hivyo hivyo. Hata Mukhisa, mzee wa kanisa, huagana na watu kwa "rara sarama". Lakini Mukhisa akakohoa, akatazama viatu vyake, akasema, "Dada yetu ameomba kura. Wanaomuunga mkono, wainue mkono."

Kanisa zima likainua. Everlyne, ambaye Wilkista alimkorogea uji kila asubuhi alipojifungua, aliinua wake juu kuliko wote. Kura ikapita bila kupingwa.

Baada ya baraka, mikono haikushuka. Watu wakatoka kwa upande upande ili wasigonge mlango, wakaenda zao. Ng'ombe wakakamuliwa kwa mkono mmoja. Fundi wa sokoni akaanza kushona mashati yenye mkono mmoja unaoelekea juu, na biashara ikamwendea vizuri. Wageni walikuja kutoka Kitale na Bungoma kuona kanisa lisilochoka kumwinulia Mungu mikono, wakasema hawa kweli wana umoja.

Wilkista aliwaona wakipita nje ya dirisha lake. Alikuwa akichemsha mchicha wa uani kwa chumvi, na chumvi nayo ikaisha. Njaa ilimuuma, lakini kusalitiwa na watu waliomuunga mkono kulimuuma zaidi.

Siku moja akasikia hodi. Moyo ukamruka. Alikuwa Everlyne. Wilkista akautazama ule mkono wake wa chini: mtupu.

"Dada, bega limekufa ganzi bana. Hata mtoto simbebi. Ati tumekukosea. Si unisamehe tu?"

Wilkista alitamani kumfukuza na ule mwiko wa mguu wake. Lakini amri ni amri. Haikusema usamehe ukishashiba.

"Nimekusamehe."

Mkono ukashuka. Everlyne akakunja vidole, akakunjua, akamsifu Bwana, akakimbia kuwaambia wengine.

Wakaja. Foleni ilifika hadi kwenye ua, na hakuna aliyebeba hata hindi moja. Waliingia mmoja mmoja wakiyaruka mafiga yaliyopoa, na Wilkista akawasamehe mmoja mmoja, kwa jina, koo limemkauka. Kila aliyesamehewa alitoka akipunga mikono yote miwili.

Wa mwisho alikuwa Mukhisa. Akasamehewa pia, kwa sauti ndogo. Mzee akausugua mkono wake, akaangaza nyumbani mote, akaliona sufuria limefunikwa kifudifudi, akageuza macho.

"Dada, wewe una imani," akasema. "Sisi kama kanisa tuko pamoja na wewe."

Kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa chake, akambariki, akaishusha bila shida, akaenda nyumbani, kwa maana ugali ulikuwa tayari.

Wilkista akaitikia amina. Aliitikia kwa uchungu, lakini aliitikia.