Dakika Tatu za Mzee Wamalwa

Makokha alikuwa mgumu kuliko magogo aliyopasua kiwandani Elburgon, lakini kwa Nekoye alikuwa laini kama uji. Baba yake Nekoye, Wamalwa wa reli pale Nakuru, alimwambia waziwazi: "Nataka kusikia jina langu kwa gramafoni. Hapo ndio tutaongea mambo ya msichana."

Basi siku moja mwaka wa 1956 Makokha akabeba gitaa hadi studio moja mjini, akiwa na wimbo wa kuusifu ukoo mzima wa Wamalwa. Kwao ukoo ulisifiwa kwa utaratibu: unaanza na wadogo, unapanda polepole, mkubwa anakuja mwisho kabisa. Harusini wimbo wa namna hiyo ulikula robo saa na hakuna aliyelalamika.

"Upande mmoja wa santuri ni dakika tatu," fundi alimwonya. "Taa nyekundu ikiwaka, maliza."

Makokha aliitikia kwa kichwa, wala hakuelewa lolote. Akasifu watoto, akasifu binamu, akajipa nafasi ya kuchezea nyuzi, kisha akafika kwa shangazi Milcah. Taa ikawaka. Fundi akainua sindano. Mzee mwenyewe hata hajatajwa!

"Turudie," Makokha akasihi.

"Sahani ikishachorwa haifutiki, ndugu. Umebaki na upande wa pili."

Upande wa pili ulikuwa wa wimbo wake wa dansi, ule aliotegemea umtoe kwenye vumbi la mbao. Aliunoa mwaka mzima. Ilimuuma, tena sana. Akakohoa, akafumba macho, akaimba Wamalwa mtupu mpaka taa ikawaka.

Santuri ilipotoka, ukoo ukajaa sebuleni kwa Wamalwa. Makokha akasimama mlangoni. Hakuna aliyempa kiti. Upande wa kwanza ukaishia kwa Milcah, naye akapiga vigelegele peke yake. Wamalwa akanuna, akachukua kofia aondoke. Nekoye akairukia gramafoni, akageuza santuri.

"Wamalwaaa!" ikaita. Mzee akaganda na kofia mkononi dakika zote tatu.

"Na wewe?" akauliza mwishowe. "Waimbaji wote hujitaja. Jina yako iko wapi?"

Makokha akashika kichwa. Alikuwa amejisahau kabisa. "Nafasi haikutosha, mzee."

Wamalwa akairudisha kofia msumarini.

"Nekoye," akasema, "letea bwana yako kiti."