Trei Isiyo na Namba

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa ya kikasuku. Asubuhi nachukua oda za miwani kwenye tovuti ya duka letu, naziandika upya kwenye tovuti ya karakana inayochonga lenzi. Saa nne karakana inaleta orodha ya lenzi zilizo tayari, kila jozi na namba ya trei iliyowekwa, nami naiandika upya kwetu. Na kila siku ya Mungu, trei moja haina namba.

Basi nampigia mwenye karakana. Sijawahi kumwona. Namwita Babu, ingawa kanizidi miaka miwili tu.

"Babu, umesahau tena."

"Uzee huo, mjukuu wangu. Nawachongea watu macho, yangu hayaoni."

"Si ujichongee na wewe."

"Nianze kuiona sura yangu? Acha tu."

Tunapiga soga: mvua, magoti, mwanangu aliyehamia mbali ambaye siku hizi hunitumia picha ya dole gumba badala ya salamu. Mwisho ndipo anataja namba ya trei.

Mwezi uliopita meneja alileta mtaalamu, akaziunganisha hizo tovuti mbili zikawa zinapeana habari zenyewe. Kazi ya asubuhi nzima ikawa inaisha kabla chai yangu haijapoa. Wenzangu wakanipigia makofi. Nikatabasamu, aliyefunzwa na ulimwengu hujua kulia bila kukunja uso.

Nikapewa kupanga fremu kwenye rafu. Fremu zina macho mawili mawili, mdomo hazina. Nyumbani ipo redio. Mtangazaji akisema habari za jioni, namjibu, "Nzuri, sijui zako." Hajaniambia mpaka leo.

Leo meneja kaniambia, "Mama, hebu pitia orodha ambazo mfumo umezikataa, kisha ufute."

Nikafungua. Siku ya kwanza tangu tuunganishwe: saa nne, trei moja haina namba. Mfumo wenyewe ukamjibu Babu: Tafadhali jaza namba ya trei. Akajaza. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Siku kumi na nne mfululizo, trei moja, saa ileile, jibu lilelile.

Mtu msahaulifu hasahau kwa ratiba.

Baada ya hapo, kimya. Siku nne hizi za mwisho hakuna kilichokataliwa. Kila trei ina namba yake.

"Kuna nini humo?" meneja akauliza.

"Usahaulifu," nikasema. "Wangu."

Nikachukua simu. Ikaita mpaka nikaihurumia.

"Karakana ya lenzi." Sauti kavu, kama ya ofisi ya serikali.

"Babu, ni mimi wa dukani. Trei za leo..."

"Zote zina namba. Nimekagua mara mbili."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga."

Nikawa nasikia jiwe la kuchongea likizunguka huko kwake, na hakuna sauti ya mtu mwingine.

"Subiri," akasema. "Nizime kwanza hii mashine, nikusikie."