Idhaa ya Gari Namba Sitini na Moja

Visikilizio vilikuwa vingali na joto la masikio ya Virgil Hostetler aliponivisha. Hakuniomba ruhusa. Alizungusha kitufe cha redio hadi kwenye idhaa ambayo vidole vyake viliijua, kisha akaketi katika kiti cha saba, nami nikiwa cha nane, kama tulivyokaa katika safu ya kumi na nne ya jukwaa la mbio za magari, kona ya tatu, kwa miaka ishirini na miwili.

"Sikiliza, Mwalimu," alisema.

Mwaka uliotangulia, katika mbio za Mei, tulibishana pale pale kuhusu mabawa. Wakuu wa mbio walikuwa wameyapunguza mabawa ya magari, hewa ikawa haiyakandamizi tena barabarani kama zamani. Kila dereva alilazimika kupunguza mwendo konani, na magari yakatawanyika kama kondoo wasio na mchungaji. Sisi wa Indiana hatukulelewa hivyo. Tulizoea kuyaona yakienda bega kwa bega, magurudumu yao wazi yakikaribia kubusiana.

"Tuwaandikie barua," alisema Darlene Fouts wa kiti cha tisa, akitugawia sandwichi za nyama ya nguruwe. "Ila aandike Mwalimu. Mimi nikiandika yatakuwa matusi matupu."

Niliandika. Nilikuwa nimefundisha miaka thelathini na mmoja katika shule ya kanisa, na sikupata kuandika jambo lolote kwa ufasaha kama lile. Nilisema kwamba mbio zisizo na ukaribu ni gwaride. Kona nzima ya tatu ilitia sahihi, isipokuwa mtu mmoja.

"Mabawa makubwa yakirudi, hakuna atakayeweza kumwacha mwenzake," alisema Virgil. "Watakwenda wote fungu moja, maili mia mbili na ishirini kwa saa. Mmoja akiteleza, wa nyuma atapita wapi?"

Mwanawe, Kip, ndiye aliyeendesha gari namba sitini na moja.

"Kama Kip anaogopa kubanwa, bwana, mtafutie basi la shule aendeshe," alisema Darlene, na safu nzima ikacheka.

Virgil alinigeukia mimi. "Mwalimu, wewe ndiye uliyemfundisha kusoma. Usiipeleke barua hiyo. Nakusihi."

Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba woga wa mzazi si hoja. Nilimwambia kwa sauti ile ile niliyowasahihishia watoto hesabu. Wakacheka zaidi, nami kicheko kile kilinipendeza.

Mabawa yalirudi kabla ya mbio za Agosti za mwaka ule ule.

Siku ya mbio hizo magari kumi na tisa yalizunguka yakiwa fungu moja. Virgil, kwa desturi yake, alisikiliza redio na kutukariria maneno ya mtu aliyesimama juu ya paa la jukwaa akimwongoza Kip. "Kuna gari upande wako wa nje," alikariri. "Bado lipo. Bado." Nilisimama, nikipiga makofi kama mtu aliyejibiwa sala. Gari la mbele likateleza. Gari la Kip likalipanda, likaruka hadi kwenye uzio.

Virgil aliacha kukariri. Mimi nilikuwa bado napiga makofi. Akageuka, akaitazama mikono yangu hadi ikakoma.

Baada ya maziko ya Kip, katika ukumbi wa kanisa, Darlene alishikilia kwamba kosa lilikuwa la uzio, si la mabawa. Nilikubaliana naye, tena kwa hoja tatu, sahani ya viazi mkononi. Virgil alikuwa meza ya pili.

Sikumwona tena hadi Agosti hii, aliponivisha visikilizio. Idhaa ile, iliyokuwa ya Kip, haikupewa dereva mwingine. Ndani yake mlikuwa na mvumo wa hewa tupu, wala hakuna aliyesema neno. Mbele ya macho yangu magari matatu yaliingia konani sambamba, yakatoka sambamba, duru baada ya duru. Darlene alikuwa amesimama. Sijapata kuona mbio nzuri kama zile.

Katika duru ya thelathini niliinua mikono ili nivue visikilizio. Virgil aliishika, taratibu, akairudisha mapajani mwangu. Nilisoma neno midomoni mwake.

"Bado."

Zilisalia duru mia moja na sabini.