Magunia ya Nkuah

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, na nalisema mapema ili msipoteze muda kumtafuta mwingine.

Jirani yangu Nkuah alikuwa ameezeka mabati ya buluu. Jua likipiga, mng'ao wake uliingia hadi chumbani kwangu, pale ambapo mke wangu Afiba hutega beseni juu ya kitanda mvua ikinyesha. Na shamba lake la kakao ni dogo kuliko langu! Mabati kayatoa wapi? Kila Alhamisi nilimwona akifunga magunia mawili kwenye pikipiki na kushika njia ya mpakani kuelekea Kodivaa. Nikajijibu mwenyewe: anavusha kakao. Kwetu Ghana serikali hupanga bei ya msimu mzima. Ng'ambo wanalipa kwa faranga za sefa, na sedi, pesa yetu, ikianguka, sefa inanenepa. Miaka miwili nyuma kijiji kizima kilivuka. Wivu ukanikaba, nikawa naota mabati.

"Baba Ekua," Afiba akaniambia, "kakao ina siku tatu tu ikichachuka chini ya majani ya mgomba. Itimize sita, ikauke vizuri, tuuze hapa hapa, tuezeke kabla ya mvua kubwa."

"Tukingoja sita, Nkuah ataezeka mpaka banda la kuku!"

Nikaifunua, nikaianika juu juu, nikavusha magunia manane kwa njia ya porini.

Mnunuzi wa ng'ambo, mama mmoja mwenye kisu kidogo na mdomo mkubwa, akapasua punje. Ndani zambarau kama biringanya, rangi ya kakao isiyochachuka.

"Shemeji, hii umevuna au umekimbia nayo?"

"Mama, wewe nipe bei."

"Bei? Bei ya dunia imeporomoka. Bandarini magunia yamelala, hakuna anayeyaulizia. Nakupa nusu, tena kwa huruma."

Kurudi nayo? Askari wa forodha wangeichukua bure. Nikapokea. Nilipofika kwa mbadilisha fedha, nikaambiwa sedi imepanda tangu mwezi uliopita. Sefa zangu zikakondea mkononi.

Hapo ndipo pikipiki ikasimama kando yangu.

"Kaka Armo!" Alikuwa Nkuah, meno nje. "Na wewe umeanza kuuza majivu?"

"Majivu gani?"

Akafungua gunia. Majivu matupu, ya maganda ya kakao. Mkewe huyachoma, na watengeneza sabuni wa upande huu huyagombania. Maganda hayohayo shambani kwangu yanaoza, nayaruka nikipita.

"Na kakao yako?" nikauliza.

"Niliuza nyumbani wiki jana. Nivuke nayo ya nini, sedi ikiwa imepanda hivi? Kwani husikilizi redio, kaka?"

Nilifika nyumbani mvua imeanza. Nikaanza lawama: nikailaumu serikali, nikailaumu sedi, nikawalaumu Wazungu wanaokula chokoleti bila kuuliza imetoka wapi. Nikamlaumu na Nkuah, kwa nini hakusema ni majivu!

Afiba akaja na beseni kifuani, akasimama kunisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza, Baba Ekua?"

"Bado."

"Nkuah ameuza tunachotupa sote. Wewe umetupa tunachouza sote. Haya, sogea, beseni likae hapo ulipo."