Spika Mbili Zilizonuniana

Dada mpiga gitaa alikuwa amefunga spika mbili mpya kwenye boksi lake, na bendi ilikuwa ikimsubiri ukumbini. Ajabu, spika moja ikilia peke yake, sauti ilikuwa nene. Zikilia zote mbili, besi ilitoweka.

"Zimenuniana kama wewe na kaka yangu," shemeji yake alimtania.

"Kaa kimya, shemeji, nizichunguze."

Akachomoa waya wa spika kwenye amplifaya, akaugusisha na betri ya tochi, macho kwenye spika. Karatasi ya spika moja ikaruka nje, ya pili ikanywea ndani.

"Kumbe! Moja inasukuma hewa, nyingine inaivuta!"

Akageuza nyaya za ile ya pili, akarudisha waya kwenye amplifaya. Alipopiga kamba nene ya gitaa, shemeji aliwahi vikombe mezani visidondoke.